Paa la Mjane na Antena ya Ndani

Mwaka ule tulikula muhogo. Mahindi yalikuwa yameliwa na viwavi kabla hayajafika kiunoni, mtama ukapigwa na ndege, ikabaki mihogo shambani, na mihogo ndiyo tuliyokula: asubuhi ya kuchemsha na chai ya rangi, mchana ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, jioni ugali wa udaga tena. Ugali mweusi, unavutika kama mpira wa manati, ukiutafuna unakushinda, basi unaumeza hivyo hivyo na dagaa wenye mchanga. Watoto wakikutana njiani hawakuulizana wamekula nini, waliulizana, "Kwenu wa kuchemsha au wa kusonga?" Na hapa kwetu Nyarero, ukitaka kujua nani ana kijana kule mgodini Kewanja anayeokota mawe ya dhahabu, ulikuwa huna haja ya kuuliza. Unapita tu nyuma ya jiko lake unanusa. Kwa shemeji yangu Mwita kulinukia wali na mafuta. Kwangu kulinukia udaga, na udaga kama hujawahi kuunusa, unanuka kama soksi za mtu aliyetembea.

Huyo Mwita tumemzika juzi. Ndiye aliyenirudisha kwenye mwaka ule, maana pale msibani walichinja ng'ombe, wakapika pilau, wakaniweka mbele kwenye viti vya plastiki pamoja na wazee, halafu mtu mmoja baada ya mwingine akashika kipaza sauti kusema marehemu alikuwa nguzo ya wajane. Nguzo ya wajane! Mjane nilikuwa nimekaa pale pale, wanapumulia kisogoni kwangu. Sahani yangu ya pilau nikaisukuma chini ya kiti, kuku wakala. Wakanipa kipaza sauti na mimi. Nikasema, "Mwita alikuwa mtu asiyechoka." Watu wakapiga makofi, wakadhani nimemsifu.

Mume wangu alikuwa amekufa kabla mihogo ile haijapandwa, na ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kuitwa mjane. Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana bila hili hutaelewa kwa nini mwanamke mzima, mwenye akili zake, alihangaika na waya za televisheni kama fundi. Kwa ukoo huu nilioolewa, mjane akishanyolewa nywele na msiba ukaisha, mwanaume atakayepanda kwenye paa la nyumba yake akalitengeneza, hata akigonga msumari mmoja, huyo ndiye mwenye mji. Hakuna kikao wala padri. Miguu yake ikishasimama juu ya paa, basi vyote vilivyo chini ni vyake: shamba, ng'ombe, watoto, na mwanamke mwenyewe aliyekaa ndani anasikia bati linalia. Na mwanamke hawezi kujipandia paa lake. Mwanamke akipanda juu ya nyumba ni kama ametukana wafu wote wa boma. Kwa hiyo paa la mjane linakaa vile alivyoliacha mume wake, mpaka litoboke au mpaka mjane achoke. Wanaume wa hapa wanajua kungoja. Mvua inawafanyia kazi.

Mimi sikutaka kurithiwa. Mume wangu alinitosha, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake. Nyumba ya bati tuliijenga wote wawili, yeye akigonga misumari, mimi nikimrushia moja moja kutoka chini, na alikuwa hakosi kudaka. Mwita sikumtaka hata kwa kumwangalia. Alikuwa na wake zake, alikuwa na vijana Kewanja, alikuwa na pikipiki, na bado macho yake yalikuwa yanapima shamba langu la bondeni kila akipita. Nilikuwa naishi na mjukuu wangu Robhi, binti wa binti yangu. Robhi alizaliwa hapa nyumbani kabla mama yake hajaolewa, kwa hiyo ni mtoto wa boma hili, na mahari yake ni ya boma hili. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa anangoja matokeo, hana la kufanya ila kumenya mihogo na kununa.

Mama yake akatutumia televisheni kutoka Mwanza, kwa basi. Ile ya chogo, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na king'amuzi kidogo cheusi kimefungwa kwenye kanga. Umeme ulikuwa umeshafika kwenye kilima chetu, taa tu ndiyo nilikuwa nawasha. Robhi alipoifungua ile kanga akapiga vigelegele peke yake. Binti yangu alikuwa amesema kwenye simu, "Mama, chaneli za bure zipo, hulipi kitu, unatafuta antena tu." Antena tu! Kabla hatujaipangusa vumbi, Mwita huyo mlangoni, amevaa kofia yake ya jua, anacheka na meno yote.

"Shemeji, nasikia umepata sinema."

"Umesikia."

"Basi usihangaike. Antena ninayo, ya nje, ile ya mabomba marefu. Kesho nakuja na ngazi, napanda, naifunga pale juu ya kipeo cha nyumba. Utaona mpaka Nairobi."

"Ya nje siitaki," nikamwambia.

"Shemeji, ya ndani haishiki huku. Huku ni milima."

"Nimesema siitaki."

Akaangalia paa langu. Hakuniangalia mimi, aliangalia paa, kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani. "Haya," akasema, "jaribu."

Siku chache baadaye nilikwenda kwa mke wake mdogo, Wegesa, kuazima chekeche ya unga. Wegesa alikuwa ametoka kuteka maji. Nikakaa kwenye kivuli nyuma ya nyumba kumngoja, na ndani Mwita alikuwa anakula na mzee mmoja wa ukoo. Nasikia vijiko vinagonga sahani, nasikia harufu ya ule wali wao. Mzee akauliza, "Yule mjane wa ndugu yako vipi, ameshakubali?" Mwita akajibu huku anatafuna, "Hana haja ya kukubali. Nikipanda mara moja tu, hata kwa antena, imekwisha. Nani atauliza nilipanda kwa sababu gani?" Wakacheka. Mzee akasema, "Dunia imekuwa rahisi, sisi tulibeba nyasi mgongoni, ninyi mnabeba waya." Nikaondoka bila chekeche. Udaga wa siku ile tuliula na vijiti vyake.

Kuanzia siku ile ilikuwa si televisheni tena. Robhi alitaka kuona tamthilia. Mimi nilitaka kitu kimoja, antena itakayoshika ikiwa ndani, chini ya bati langu, bila mguu wa mwanaume kugusa juu. Nikienda dukani nikashindwa, Mwita ameshinda.

Tukaenda Tarime mjini, mimi na Robhi. Duka lenyewe lilikuwa la binti mmoja mwenye kucha nyekundu, mdomo mrefu, anauza simu, balbu, redio, na antena zimening'inia ukutani kama nyama buchani. Robhi akamwamkia dada mambo, mimi yule binti akanipa shikamoo ya haraka, nikasema marahaba, nikaanza kuangalia. Sasa mimi antena siijui. Ninachokijua ni ng'ombe. Nikaangalia kama ninavyoangalia dume la zizi: pembe. Ilikuwepo moja ina pembe mbili ndefu, ukivuta zinazidi kutoka, katikati ina duara, chini ina mguu mzito. Pembeni yake ilikuwepo nyingine, kitu bapa cheusi, hata mguu haina, kama mfuniko wa sufuria uliokanyagwa na gari.

"Hii ya pembe," nikasema.

"Bibi, ile bapa ndiyo ya kisasa," Robhi akaninong'oneza.

"Ya kisasa haina pembe itashika na nini?"

Yule binti akacheka. "Mwache bibi, mteja ni mfalme. Hiyo ya pembe inashika vizuri sana, mama, inashika mpaka Kenya."

"Chini ya bati inashika?"

"Inashika kote, mama. Hata kaburini."

Alitaka kuuza, basi. Nikaibeba ile ya pembe kwenye mapaja njia nzima, zile pembe zikimchoma kila abiria aliyekaa karibu. Wanawake wa kilimani wakanipokea, wakaishika, wakaivuta pembe, wakasema kweli hili ni dume.

Dume lenyewe halikuzaa. Tuliliweka juu ya televisheni, king'amuzi kikatafuta chaneli, kikatafuta, kikaleta moja, na hiyo moja picha inavunjika vipande vipande kama chungu kilichoanguka. Mtu anafungua mdomo hapa, jicho lake liko kule. Sauti inakuja neno, inameza maneno, inatapika neno. Robhi akalibeba mkononi akawa anatembea nalo chumbani. Akifika mlangoni, mguu mmoja nje, picha inakuja safi, watu wazima wanaongea. Akirudi ndani, vipande. Wegesa alikuwepo, ameleta chekeche iliyochelewa, akashika mbavu. "Leo mtoto ndiye mlingoti! Robhi, usipumue, nataka kuona kama huyo mwanaume atamuoa!" Robhi akasimama pale mlangoni na pembe zake kichwani mpaka mikono ikamchoka, akalia. Na Mwita kule barabarani kwenye pikipiki amesimama, hakuingia, alipiga honi tu mara moja akaondoka.

Nikairudisha. Yule binti wa kucha akaanza maneno, nikamwambia uliniambia hata kaburini, mimi nimetoka huko, haishiki. Watu dukani wakacheka, akaona aibu. Akaniuliza nyumba imeezekwa kwa nini, nikamwambia bati. Akasema, "Sasa mama, bati ni chuma, linazuia. Wewe nunua ya nje, apande kijana yeyote, nusu saa mmemaliza."

"Hapandi mtu."

"Kwa nini?"

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Ukiolewa utakuja kuniuliza vizuri."

Akanibadilishia, akanipa ile bapa, yenye kidude cha kuchomeka kwenye umeme, wanaita busta, na waya mrefu. Akasema busta inaongeza nguvu. Tukaibandika ukutani, tukaibandika dirishani, tukaibandika juu ya kabati la vyombo, Robhi amekaa na rimoti anatafuta na kutafuta. Busta iliongeza nguvu kweli. Vile vipande vikawa vinavunjika kwa kelele zaidi. Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, nikaangalia juu, bati lake lote limenyooka, halina tundu hata la sindano, nikaona uchungu ambao sikuuona hata siku ya kaburi. Alinijengea nyumba nzuri ikawa jela.

Kilichonifungua ni redio. Nilikuwa na redio yangu ya betri, ya miaka, na hiyo sikuzote niliiacha jikoni, kwa sababu ndani ya nyumba ya bati ilikuwa inakwaruza na jikoni ilikuwa inasema. Miaka yote nilidhani inapenda moshi. Siku hiyo nimekaa naponda udaga, redio inatangaza bei za mazao, wazi kabisa kama mtu yuko hapo kwenye mafiga, nikaacha mchi hewani. Jiko langu ni la udongo na nyasi. Juu yake hakuna chuma. Nikamwita Robhi, nikamwambia lete kile kifuniko cha sufuria.

Tukavuta umeme kwa waya kutoka ndani, tukaweka ile televisheni juu ya pipa la mahindi lililokuwa tupu, antena bapa tukaining'iniza kwenye fito za ukuta upande unaoelekea mjini. Robhi akabonyeza. Chaneli zikaja. Zilikuja moja baada ya nyingine, zinajipanga, na picha ikasimama, mtu mzima na pua yake na macho yake, anasoma habari, kwenye jiko langu, katikati ya masizi. Sijawahi kupiga kelele vile tangu arusi yangu. Robhi akanikumbatia mimi na udaga wangu wote. Akasema, "Bibi wewe ni injinia!" Nikamwambia mimi ni mjukuu wa watu wasiopenda kuonewa.

Miezi ile nitaisema vizuri maana ilikuwa mizuri, na ilikuwa michache. Jioni jiko linajaa wanawake, kila mmoja amekuja na muhogo wake anamenya hapo hapo, sufuria iko motoni, televisheni inaongea, moshi unapita mbele ya sura za watu wa Dar es Salaam wenye nywele zao nzuri. Tukiwaona wanakula kuku na chipsi tunawasonya. Wegesa alikuwa anaongea nao, anawaambia, "Wewe mjinga, mume wako yuko kwa jirani, geuka uone." Na wanaume walikuwa hawaingii. Kwetu mwanaume mwenye heshima zake hakai jikoni kwa wanawake, hasa penye mafiga, atachekwa mpaka kilima cha pili. Wakitaka habari walikuwa wanakaa nje kwenye mawe, wanasikia sauti tu, kama redio.

Siku moja Mwita akaja. Kulikuwa na mpira, na kwake alikuwa bado hajafunga chochote. Akasimama mlangoni pa jiko, ameinama maana mlango ni mfupi, makalio yake yako nje, kichwa kiko ndani.

"Shemeji, hamisha hii kitu ndani, watu waone mpira."

"Ndani haishiki. Si uliniambia mwenyewe?"

"Nikipanda juu itashika."

"Ukikaa chini inashika pia. Ingia. Kuna kinu hapo, kalia."

Wanawake wakaangaliana. Halafu Wegesa, mke wake mwenyewe, akashindwa kujizuia, akafunika mdomo na ncha ya kanga, na hapo jiko zima likalipuka. Mwingine akasema, "Mura, ingia basi, tukupe kisu umenye!" Kumwita mtu mzima kama yule mura, kijana wa juzi, mbele ya mke wake! Mwita akatoa kichwa chake. Akakaa nje kidogo, nasikia anapumua. Halafu akasema maneno mawili, hakupaza sauti, "Mvua inakuja."

Sikuyaelewa siku ile, nilicheka na wenzangu. Mvua ilipokuja niliyaelewa. Nyasi za jiko lile ziliwekwa na mume wangu na zilikuwa zimeoza, nilikuwa najua zimeoza, lakini kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa anaziba. Maji yakaanza kwenye kona wanapolala mbuzi, yakahamia kwenye mafiga, moto ukawa unazimika chini ya sufuria. Televisheni tukaifunika mfuko wa mbolea. Nikaenda kwa wanaume wa kilima kuomba mtu wa kuezeka, mtu wa mbali, si wa ukoo, nimpe mbuzi, nikijidanganya kwamba anayelipwa hahesabiwi. Kila niliyemuuliza aliangalia chini. Mmoja akasema ukweli, "Mama, Mwita ametupitia wote. Amesema atakayepanda kwako amempora nyumba ya ndugu yake, watakutana." Robhi akasema, "Bibi, nipande mimi." Nikamkatalia kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Asubuhi moja ya manyunyu Mwita akaja na vijana wake wawili, mganda wa nyasi mpya mzuri sana, kamba, na ngazi. Ngazi akaiegemeza kwenye jiko langu kabla hajasema hodi. Robhi alikuwa anapuliza moto usiowaka, macho mekundu, televisheni imelowa nyuma yake, siku ile haikuwaka na haikuwaka tena. Wanawake wa jirani wakasimama kwenye uzio. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji," Mwita akasema kwa upole, upole ule niliouchukia kuliko matusi, "ugomvi gani huu? Angalia mtoto anavyolowa. Nyasi nimeleta, nguvu ninazo, sikudai kitu. Nikae nikiangalia jiko la ndugu yangu linaanguka? Watu wataniona mtu wa namna gani?"

"Watakuona ulivyo."

"Bibi, mwache apande," Robhi akasema. Alisema polepole. "Ni nyasi tu."

Nikatoka kwenye manyunyu. Nikashika ile ngazi kwa mikono miwili, nikaivuta, ikaniangukia begani, nikaisukuma kwenye tope. Kijana wake mmoja akataka kuiokota, nikaikanyaga. Nikasema, na nilisema kwa Kiswahili ili hata wapita njia wasikie, "Juu ya nyumba hii hapandi mtu."

Mwita akaniangalia sana. Akasema, "Haya," vile vile kama alivyosema siku ya kwanza, akachukua ngazi na nyasi zake na vijana wake, akaenda. Baada ya wiki ukuta wa jiko ukalala chini upande wa mafiga, ukailalia na televisheni. Nikaanza kupikia mlangoni pa nyumba ya bati, chini ya mwavuli.

Unadhani nilishinda. Hata mimi nilidhani. Lakini Mwita alikuwa amejua mlango mwingine. Kabla mvua hazijaisha akaleta dishi kubwa kutoka Kewanja, akalifunga kwake, na televisheni mpya ya bapa ukutani, picha kubwa kama dirisha. Robhi akaniambia, "Bibi, naenda kwa babu Mwita kuangalia tamthilia, narudi." Akarudi. Kesho yake akaenda, akarudi kumeingia giza, nikamgombeza kwa sababu ya njia. Akasema, "Basi nitakuwa nalala huko na kina mama mdogo, nakuja asubuhi." Akawa anakuja asubuhi. Halafu anakuja mchana. Halafu nikaona nguo zake hazipo kwenye kamba. Sikumfukuzia. Nilikwenda mara moja, nikasimama kwenye uzio, nikamwona dirishani amekaa kwenye kochi, sahani ya wali mapajani, anacheka na ule ukuta unaoongea. Alikuwa amenenepa mashavu. Nikarudi nikala udaga wangu.

Washenga walipokuja hawakuja kwangu. Mtoto wa kike anaombwa pale anapolala. Walikwenda kwa Mwita, wakakaribishwa kwa Mwita, wakapima ng'ombe na Mwita, na ng'ombe wa Robhi, mtoto niliyemlea mimi kwa maziwa ya zizi langu na ada ya shule ya mtama wangu, wakaingia kwenye zizi la Mwita wakitimua vumbi mbele ya nyumba yangu. Nilisimama nikawahesabu kwa macho mpaka nikaacha, macho yalikuwa yamejaa. Wegesa akaja jioni na bakuli la nyama iliyofunikwa, akaliweka chini, akasema, "Dada, mimi sina neno." Akaondoka. Ile nyama niliitupia mbwa wa watu. Mwita hakupanda kwenye paa langu hata siku moja, mpaka anakufa. Alichukua kilichokuwa chini yake.

Watu wanasema kama ningemwacha afunge ile antena yake ya nje siku ile ya kwanza, Robhi asingeondoka. Wanasema ukaidi wangu umenila. Huyo anayesema hivyo hajawahi kusikia mtu anapanga kukupata kwa msumari huku anatafuna wali. Shamba la bondeni ni langu. Zizi ni langu, dogo lakini langu. Nyumba ni ya mume wangu na mimi, na bati lake sasa limekuwa jekundu kwa kutu, linavuja penye kitanda, penye kabati, penye kiti chake. Nimeweka masufuria. Mvua ikinyesha kila sufuria ina sauti yake, na mimi nalala katikati.

Robhi alikuja msibani. Mwanamke mzima, ana watoto, ana duka Sirari, anaongea Kiswahili cha mpakani, "niaje" na nini. Alipomaliza kumlilia Mwita, na alimlilia sana, akaja kulala kwangu. Mvua ikanyesha. Akahamisha godoro, akahamisha tena. Jana akaondoka alfajiri, na alasiri nikasikia gari linaunguruma uani. Nikatoka. Ni Robhi na kijana mmoja fundi nisiyemjua, gari limejaa bati mpya zinang'aa mpaka zinaumiza macho, misumari kwenye ndoo, na juu yake antena ya nje, ya mabomba marefu, na televisheni kwenye boksi lake.

"Bibi," Robhi akasema, na sauti yake ilikuwa tayari inakatika, "babu Mwita amekufa. Hayupo. Bati nimenunua mimi, kwa hela yangu ya duka. Huyu fundi ni wa Sirari, si wa ukoo, hakujui, hana haja na shamba lako, kesho anarudi kwao. Ni mimi nakutengenezea. Mimi, Bibi."

Fundi akaniamkia, shikamoo bibi, kijana mwenye adabu, akachukua ngazi kwenye gari. Nyuma ya uzio wana wa Mwita walikuwa wamesimama, mikono nyuma, wanaangalia paa. Hawakuniangalia mimi. Waliangalia paa.

Nikamshika Robhi usoni kwa viganja vyote viwili, nikamfuta machozi. Nikamwambia bati ni nzuri, lakini paa haliulizi nani kanunua msumari, akazifunike turubai zisipigwe na mvua. Kisha nikaenda kusimama mlangoni pangu, fundi anakuja na ngazi yake begani.

"Juu ya nyumba hii hapandi mtu."